Mtaa wenu umechoka? Anzeni na kona moja, sisi tulianza na benchi

Huku kwetu Dar, upande wa Kinondoni bondeni, tulikuwa na kona moja ambayo unaijua kwa harufu kabla hujaifikia. Mpangaji mpya akihamia anaonyeshwa choo, anaonyeshwa bomba, halafu anaonyeshwa taka zinatupwa wapi, pale konani chini ya muembe. Na hakuna kikao kilichowahi kukaa kikasema hili ni jalala, lilijitengeneza lenyewe tu, mtu aliacha kiroba usiku, mwenzake asubuhi akaona kumbe panaruhusiwa.

Aliyeimaliza ile kona ni mama mmoja mstaafu, mjumbe wa kamati ya serikali ya mtaa, sote tunamuita Mwalimu na jina lake siliandiki maana atanigombeza. Hakuitisha mkutano. Alikuwa anatoka alfajiri kajifunga khanga kiunoni, anafagia, anajaza viroba, anavipanga pembeni visubiri gari la taka, anarudi kwake kunywa chai. Kesho yake pamejaa tena na yeye anafagia tena. Sisi vijana tunapita tunawahi daladala, shikamoo Mwalimu, pole na kazi, marahaba mwanangu, hao tunaondoka, mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Wiki ya tatu akaja na benchi, mbao za kitanda kibovu zimegongwa misumari, akalitua palepale lilipokuwa jalala. Halafu akavuka barabara akaenda kwa mzee muuza kahawa aliyekuwa anachomwa na jua kila siku, akamwambia mzee wangu hamia pale kuna kivuli, hakuna mtu atakudai kodi. Mzee akahama na birika lake na kashata zake, wacheza bao wakamfuata, na jalala likafa. Kutupa pampasi mbele ya wazee sita wanaokuangalia usoni inataka moyo mgumu sana aisee.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nifanyeje kufufua mtaa wetu, mi swali langu la kwanza ni nani atakaa pale mkishamaliza kufagia. Kama hamna jibu msifagie kwanza. Mitaa mingi inafanya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, picha zinapigwa, na Jumanne pamerudi kama palivyokuwa. Shida ipo hiyo Jumanne, na karibu yote ninayoandika hapa chini ni namna ya kuishi na hiyo Jumanne.

Kuchagua sehemu ya kuanzia

Tembea mtaa wako mara tatu kwa nyakati tofauti, alfajiri, mchana kama saa nane, na usiku saa tatu hivi. Utashangaa, sehemu ambayo mchana ni ya watoto kucheza usiku ni ya watu wengine kabisa. Andika kwenye simu wapi maji yanasimama, wapi giza, wapi watu wanapanga foleni, wapi kina mama wanazunguka njia ndefu kukwepa kichochoro fulani. Ukimaliza chagua sehemu MOJA tu. Iwe inapitwa na watu wengi, iwe inaweza kumalizika kwa siku moja au mbili za kazi, na iwe haina kesi. Hili la kesi msilidharau, kuna kiwanja kinaonekana hakina mwenyewe miaka kumi, siku mkikipanda maua mwenyewe anatokea na hati na mwanasheria. Ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa kabla hamjashika chepe.

Na kama ni pembeni ya barabara jueni barabara za mitaani zipo chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, kufagia na kuzibua mtaro hakuna atakayewasumbua ila mkitaka kuchimba kukatisha barabara au kuweka kalavati hiyo ni ya kuandikia barua. Chini kuna bomba za DAWASA pia, mamlaka ya maji ya Dar, jamaa wa mtaa wa jirani walipiga sururu wakapasua bomba, mtaa mzima ukakaa bila maji na siku hiyo aliyetoa wazo akalala kwa shemeji yake. Walio kandokando ya mto nao wakumbuke sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, pandeni miti na majani ya kushika udongo, msijenge kibanda cha ofisi ya kikundi halafu kikaja kuwekewa alama ya X ya kubomolewa. Waliokuwepo kwenye mafuriko ya Desemba 2011 wanajua bonde la mto Msimbazi likikasirika linafananaje.

Serikali ya mtaa, usiikwepe

Hapa watu wengi wanakosea, hasa vijana, wanasema sisi hatutaki mambo ya serikali tunafanya wenyewe. Sawa, ila hamtafika mbali. Mwenyekiti wa mtaa mmemchagua nyie kwa kura na anakaa miaka 5, wa sasa wameingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, yeye ndo anaandika mihtasari na barua zenu zinapita kwake kwenda kata na juu zaidi. Kuna na wajumbe wa kamati. Mwalimu alitufundisha kitu kimoja kuhusu hawa watu, usiende mikono mitupu kuomba, nenda na kitu ambacho tayari kimeanza halafu waombe wakiweke kwenye muhtasari. Sisi tulienda na picha mbili, kona ilivyokuwa na kona ilivyo, mwenyekiti akaziangalia akasema mbona hamkuniambia, Mwalimu akamjibu kwa upole ndo tunakuambia sasa mwenyekiti, njoo Jumamosi ukae na wazee pale unywe kahawa. Akaja. Toka siku hiyo kona ikawa yake pia, na mtu akitupa taka anapigiwa simu mwenyekiti mwenyewe.

Wala hatukugundua dunia. Hapo Hanna Nassif, siyo mbali na kwetu, mtaa uliokuwa unazama kila mvua ikinyesha, miaka ya 1990 wakazi kupitia jumuiya yao walishika kazi ya kujenga mifereji na barabara za ndani, mashirika ya Umoja wa Mataifa kama ILO la kazi na UNDP la maendeleo yakasaidia na wataalamu wa chuo cha Ardhi wakawa nao bega kwa bega. Kitu kilichonivutia pale ni kwamba wakazi waliingia kwa mikataba na wakalipwa kwa kazi, hawakuishia kuwa wasikilizaji kwenye semina ya siku mbili yenye soda na bahasha.

Siku ya mtaro

Baada ya kona tulihamia kwenye mtaro na hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu watu wanapoteza nguvu bure.

Kosa namba moja, na najua na kwenu lipo. Watu wanazibua mtaro, wanatoa tope, wanaliweka palepale pembeni "likauke kwanza", wanaondoka wamejisifu. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Kila mwaka tope ni lilelile, mi naamini kuna tope mtaani kwetu lilikuwa na umri kunishinda. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu yeyote na chepe, tafuta usafiri wa tope kwanza, guta la matairi matatu au kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na ujue linaenda kumwagwa wapi. Kama hela ya kirikuu haijapatikana ahirisha siku, usione aibu. Kazi yenyewe tunafanya Januari na Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli.

Anzeni chini kule maji yanakotokea mkipanda juu. Mkianzia juu mnasukuma uchafu kwa wenzenu wa chini na maji bado hayana pa kwenda, mtasimama kwenye maji machafu kutwa nzima. Kila mtu gambuti na glovu, na mtoto asiingie mtaroni hata kama analia, mle kuna chupa na sindano. Kabla ya chakula watu wanawe kwa sabuni, tuliweka ndoo yenye koki na mama mmoja kazi yake ilikuwa kusimama pale anakagua mikono kama shule ya msingi.

Kama mnajengea, chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mjaze maji, mafundi wanaujua. Shika ncha moja huku mwenzako ashike nyingine mita 10 mbele, maji yakitulia pande zote mbili ndo usawa wenyewe, sasa kutoka hapo mshushe chini sentimita 5 mpaka 10 kwa kila hizo mita 10. Mtaro ulio lala tu bila mteremko unageuka bwawa la mbu hata ukijengewa na marumaru. Vifuniko vya zege tulipiga vya futi 2 kwa futi 2, unene inchi 3, ndoo 1 ya saruji kwa 2 za mchanga na 4 za kokoto, nondo ya milimita 10 ikae upande wa chini na mikono miwili ya kunyanyulia. Kimoja kinakaribia kilo 65, watu wawili wanakinyanyua wakitaka kuzibua. Mwagilieni maji siku 7, usikubali fundi akwambie siku mbili zinatosha. Fundi wetu alitaka kupiga vifuniko virefu vya mita moja na nusu eti vinapendeza, nikamuuliza nani atavinyanyua mtaro ukiziba, akacheka akasema hapo mtaniita. Unaona sasa.

Halafu kuna yule jirani aliyejenga ukuta juu ya mtaro. Kila mtaa anaye. Sisi tulitaka kumpelekea barua ya mtendaji, Mwalimu akakataa, akasema barua ni ya mwisho. Akaenda yeye na mzee wa kahawa jioni, wakakaribishwa wakakaa, shikamoo nyingi, habari za watoto, wakaongelea msiba wa mtu wa mtaa wa pili, saa nzima imepita ndo mtaro ukatajwa. Wakamuomba aende kuangalia maji yanavyoingia jikoni kwa mama mpangaji nyuma ya ukuta wake. Hakuwa anajua, au alijifanya hajui, siku ya nne alileta fundi wake mwenyewe akatoboa ukuta na kuweka bomba. Angepata barua tungekuwa mahakamani mpaka leo.

Hela

Tulichangishana elfu moja moja kwa kaya kwa mwezi. Kuna walioweza zaidi na kuna waliotoa nguvu kazi, na tuliandika nguvu kazi kama mchango, siku moja mtaroni ni sawa na miezi mitatu ya elfu moja. Hii muhimu maana mpangaji wa chumba kimoja hawezi kulingana na mwenye nyumba yenye frem tano.

Mwanzo hesabu zilikuwa kwenye grupu la WhatsApp na ilikuwa vurugu. Mtu anatuma meseji ya muamala, mwingine anatuma kumi na nne za kumtakia fulani heri ya kuzaliwa, ukitafuta hesabu ya juzi huioni, halafu maneno yanaanza chinichini kwamba mweka hazina kanunua simu. Mweka hazina wetu wa kwanza alikuwa mtu safi kabisa na alijiuzulu kwa maneno hayo. Mwalimu akaenda shuleni alikokuwa anafundisha akaomba ubao wa zamani, ukatundikwa ukutani kwa Mangi dukani, chaki, safu tatu, kimeingia, kimetoka, kimebaki. Kila Jumapili unaandikwa upya. Risiti zinatundikwa pembeni kwenye msumari. Mtu anakuja kununua sukari robo anasoma. Majina ya waliochanga yanaandikwa, ya ambao hawajachanga HAYAANDIKWI, hili tulibishana sana na mi nilikuwa upande wa kuyaandika, nilikosea. Mtu akidhalilishwa ukutani hatoi elfu yako na anakuwa adui wa mtaro, na hujui kama ana mgonjwa ndani.

Msinunue tisheti. Najua zinapendeza. Hela yetu ya kwanza kubwa iliishia kwenye tisheti na mapipa ya taka yaliyopakwa rangi, mapipa yakaibwa ndani ya wiki mbili yakaenda kwa wanunua chuma chakavu, tisheti zimebaki, kuna jamaa bado anaoshea bajaji yake na ya kwake.

Jumanne sasa

Mama Wangari Maathai wa Kenya, yule wa kupanda miti, Mungu amrehemu, tarehe 5 Juni 1977 walipanda miti 7 pale Kamukunji Nairobi, na mingi haikuishi. Mtu mwingine angepiga picha akaenda zake. Utaratibu uliokuja kujengwa na Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, ndo mi naupenda, kina mama vijijini walikuwa wanalipwa kidogo kwa mche ulioshika na kuishi. Kupanda tu hakulipwi. Fikiria usafi wa mtaa wenu ungepimwa hivyo, siku ya tisini baada ya picha.

Sisi tuliiga. Vijana waliotaka hela ya kazi hatukuwapa hela ya kufagia, tulikubaliana nao hela ya mwezi kwa kipande cha mtaro kilicho wazi siku ya ukaguzi, na siku ya ukaguzi haitangazwi. Mzee wa kahawa ndo mkaguzi. Kila kipande kina mtu wake na jina lake limeandikwa kwa rangi kwenye kifuniko, siyo kubwa, pembeni tu. Miti vilevile, tulipanda mwarobaini na mikungu mwanzo wa masika ili mvua isaidie, kila mti una nyumba inayoumwagilia kuanzia Juni mvua zikikata, na tairi kuukuu na miiba kuzunguka kwa ajili ya mbuzi. Mche ukifa hakuna kulaumiana, shimo lilelile linapandwa mwingine, ila ukifa mara mbili mti unahamishiwa nyumba nyingine na hapo ndo utaona wivu unavyomwagilia maji.

Wenzetu wa Dandora kule Nairobi wamecheza na huo wivu vizuri kuliko sisi. Dandora ni mtaa wa miaka ya 1970 uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wengi wanaujua kwa lile dampo, lakini nyumba zake zimepangwa kuzunguka uwanja wa katikati. Vijana wakaanza na uwanja mmoja, wakausafisha, wakapanda majani, wakaweka geti, nyumba zinachanga kidogo kidogo kulipia usafi na ulinzi, halafu yakaja mashindano uwanja kwa uwanja. Angalia hapo, geti na mlinzi viliingia mapema, yaani swali la nani anakaa pale walilijibu kabla ya maua. Ukiwa na mtaa wenye vichochoro vitatu vinne jaribu mashindano, zawadi iwe kitu cha kutumika kama toroli au taa ya sola, kombe la plastiki halina maana.

Siasa na mikopo

Mkishaonekana watakuja. Kwetu alikuja mgombea na mifuko ya saruji na bango la kufunga juu ya benchi. Mwalimu alipokea saruji, akaandika ubaoni mifuko mingapi na nani katoa, bango akamrudishia kwa heshima zote. Wa chama kingine naye akaja, vilevile. Kubalianeni hili mapema na muandike kwenye muhtasari, ikishafika siku yenyewe mmechelewa.

Vijana wa taka kama wanataka kununua guta lao, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba ila ni mkopo unarudishwa. Ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Mnatakiwa kuwa kikundi kilichosajiliwa chenye katiba na akaunti, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata awape masharti ya sasa maana yanabadilika. Ushauri wangu ombeni mkishakusanya taka miezi sita kwa toroli, mnakuwa mnajua mtaa unalipa kiasi gani kweli. Kikundi kilichoanza na mkopo kabla ya kazi nimeona kinagawana na kununua pikipiki za watu binafsi.

Mwalimu sasa miguu inamsumbua, alfajiri hatoki tena, anakuja saa nne anakaa benchini. Kabla hajachoka kabisa alikabidhi daftari na chaki, na hakumpa mtu mzima yeyote kati yetu tuliokuwa tunajipendekeza, kampa binti wa miaka 24 anayefanya uwakala wa pesa za simu pale kwa Mangi, eti huyu anazoea kuhesabu hela za watu. Jumapili yake ya kwanza akaandika salio 54,000 badala ya 45,000. Mzee wa kahawa akaliona hata chaki haijakauka mkononi, akanyanyuka na kikombe chake akaenda kumwita, binti, njoo hapa tuhesabu.